Kumfungia mnyama kwenye gari ni kosa la jinai, watu waelewe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hili la watu kuacha mbwa au paka ndani ya gari lililopaki juani, alafu wakirudi wakikuta polisi wamesimama pale wanaanza kulalamika eti mbwa wangu, gari langu, kosa langu nini. Kosa lipo, na sehemu nyingi mahakama haina haja ya kuthibitisha kwamba ulikuwa na nia mbaya, inatosha kwamba ulipaswa kujua yule mnyama atateseka.

Na kujua sio kazi ngumu jamani. Nje kukiwa na nyuzi 22 tu, yani hali ya hewa ambayo wewe unaiona nzuri kabisa, ndani ya gari joto linaweza kufika nyuzi 47 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya hilo joto inapanda ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuna wanaosema mbona nilishusha kioo kidogo, lakini watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vyao 2005 na kioo kilichoshushwa kidogo hakikuleta tofauti ya maana. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipooza kwa kuhema, sasa hewa yenyewe anayoihema ni ya moto atapoa vipi? Joto la mwili wake likipita nyuzi 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika na hata akiokolewa anaweza kufa baadae.

Kule Uingereza na Wales sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 haijataja gari kabisa, lakini kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima ni kosa, na tangu 2021 unaweza kufungwa mpaka miaka 5. California wao wametaja gari moja kwa moja, mara ya kwanza faini mpaka dola 100 kwa kila mnyama, na mnyama akiumia vibaya inafika dola 500 au jela miezi 6 au vyote viwili. Kwangu mimi dola 100 ni ndogo sana kwa kitu kinachoua, lakini angalau wamekubali kwamba kumuweka kwenye hatari ni kosa tayari, sio mpaka afe kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni huyu mpita njia. Anamuona mbwa ulimi nje, macho yamelegea, milango imefungwa, mwenye gari haonekani, na yeye anaogopa kuvunja kioo asije akashtakiwa kwa kuharibu mali ya mtu. Florida walilitatua hili 2016, unamuokoa bila kudaiwa kioo ilimradi uhakikishe kweli gari limefungwa, upige simu kwa polisi au watu wa dharura kabla au mara tu baada ya kuvunja, usitumie nguvu kupita inayohitajika, na ubaki na mnyama mpaka wafike. Utaratibu rahisi tu, mtu yeyote anaweza kuukariri.

Sasa mhariri naomba gazeti liwatafute wanasheria watujibu, pale ambapo sheria imekaa kimya, aliyevunja kioo akaokoa mnyama analindwa na nini?

Msomaji wenu