Barua kwa mwanangu anayelirudia gitaa

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umelitoa gitaa kwenye begi lake. Kabla hujavilaumu vidole, kague gitaa lenyewe. Wengi wanaolirudia baada ya miaka hukata tamaa mapema wakidhani mikono imesahau, kumbe wanapambana na nyuzi zilizokufa na shingo iliyopinda.

Anza na nyuzi. Weka kidole juu ya uzi bila kuukandamiza, sawasawa na chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni), piga, kisha ondoa kidole upesi: utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa kandamiza uzi huohuo kwenye freti ya 12, upige tena. Sauti hizo mbili zinatakiwa kulingana. Zikipishana, mara nyingi uzi umechakaa au umeinuka mno, na hapo utakaa ukityuni, yaani ukirekebisha sauti za nyuzi, mchana kutwa bila kupata mkao (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hata mmoja ulio safi.

Badilisha nyuzi zote sita, lakini mmoja baada ya mwingine, ili shingo isiachiwe kwa mkupuo. Acha ulegevu wa kama sentimita 5 kupita kigingi cha kukazia uzi, uzi upate kuzunguka mara mbili au tatu. Ukikaza, uvute taratibu kwa vidole, utyuni tena, urudie hadi uache kushuka. Na kila mara ifikie noti ukitokea chini. Ukipitiliza, legeza hadi chini yake halafu ukaze, maana uzi uliotyuniwa kwa kulegeza huendelea kushuka wakati unapiga. Kama gitaa lako ni la nyuzi za nailoni, usithubutu kulifunga za chuma. Mvuto wa chuma ni karibu mara mbili, na daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, linaweza kung'oka.

Kisha chukua rula. Kwenye freti ya 12, nafasi kati ya chuma na uzi mnene wa E iwe kama milimita 2.5 kwa gitaa la nyuzi za chuma. Ikivuka 3, utakandamiza kwa nguvu nyingi bure. Jaribu kupitisha kipande cha karatasi nyuma ya daraja. Kikiingia chini yake, gundi imeanza kuachia: legeza nyuzi zote ulipeleke kwa fundi. Ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo usiiguse kama hujui. Anayejua huizungusha robo mzunguko tu kwa mara moja.

Sasa vidole. Ncha zitauma, na hilo ni la kawaida. Sugu huchukua wiki mbili hadi nne kujijenga, kwa hiyo dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Usipige mara tu baada ya kuloweka mikono kwenye maji, ngozi ikiwa laini. Maumivu ya kifundo cha mkono ni habari nyingine: acha papo hapo, utazame kama umekikunja mno.

Kuna njia ya kujihurumia ambayo wapigaji wengi huionea haya bila sababu. Shusha nyuzi zote kwa toni nzima, yaani D G C F A D kuanzia uzi mnene. Mvuto hupungua kwa takriban moja ya tano. Ukitaka kuimba kwa ufunguo wa kawaida, funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye freti ya 2.

Kandamiza karibu kabisa na chuma cha freti, upande unaoelekea kichwa cha gitaa. Uzi ukitoa mkwaruzo, aghalabu kidole kiko mbali na chuma, wala si kwamba huna nguvu. Jipime hivi: gusa uzi, piga, ongeza nguvu kidogokidogo hadi sauti itoke safi, uishie hapo. Utashangaa ni nguvu ndogo kiasi gani.

Mikao irudishe kwa jozi. Anza na C na Am, kwa sababu kidole cha shahada na cha kati havihami. Ni cha pete tu kinachotoka uzi wa A (wa pili kuanzia ule mnene) freti ya 3 kwenda uzi wa G (wa nne) freti ya 2. Weka metronomu, kile chombo cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, mapigo manne kila mkao. Mkono wa kulia usisimame hata kama wa kushoto umechelewa. Mkao uliokosewa utarekebishika, lakini ukizoea kusimama, wimbo wote utakatikakatika. F ya kulaza kidole kwenye nyuzi zote sita iache kwanza. Piga ile ndogo ya nyuzi nne nyembamba: shahada kwenye nyuzi mbili nyembamba zaidi freti ya 1, cha kati kwenye G freti ya 2, cha pete kwenye D freti ya 3.

Na mazoezi yasitangulie furaha. Fungua kila kipindi kwa wimbo unaoujua kwa moyo, polepole kuliko unavyoukumbuka. Kichwa kimeuhifadhi kwa kasi ya zamani ambayo vidole bado havijaifikia, na pengo hilo ndilo linalokufanya uone umeharibika. Furaha ikishaingia, ndipo ufanye jozi zako za mikao.

Gitaa lisirudi chini ya kitanda. Liweke kwenye stendi, mbali na jua na jiko, unapoliona kila unapopita.

Ukimaliza kubadilisha nyuzi, nitumie kipimo cha freti ya 12 kwa uzi mnene na kwa ule mwembamba, nikuambie kama kuna haja ya fundi.

Mama yako