Saa kumi na mbili, mara mbili kwa siku

Kibokoni, Mombasa
Alhamisi usiku

Shoga yangu Rehema,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, Mama anakusalimu sana na anamuulizia Bi Mkubwa na watoto. Juzi simu ilipokatika nilikupigia tena mara tatu sikukupata, nikaona afadhali nikae nikuandikie. Ulikuwa unalia, na mtu anayelia hashiki maneno ya dozi. Barua utaisoma, utairudia, na ukitaka utaibandika kwenye mlango wa friji.

Kwanza nikujibu lile swali uliloniuliza kwa sauti ya chini, kama uliyeogopa paka wako Pili asikie. La, huna haja ya kumwambia daktari amchome sindano ya kummaliza. Sukari ya paka inatibika nyumbani, na wanaoitibu ni watu kama mimi na wewe, wenye kazi na watoto na sufuria mekoni. Shaibu wangu huu ni mwezi wa 14 yuko kwenye insulini. Jana amepanda ukuta wa jirani akifuata harufu ya papa mkavu.

Sisi tulijulishwa na sisimizi. Beseni lake la mchanga liko roshani, na asubuhi moja nikakuta wamepanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta mpaka ndani ya beseni, wamejazana pale tu alipokojoa, pakavu hawagusi. Mama, ambaye ana sukari miaka mingi, alisimama akatazama, akasema, "Huyu paka ana sukari." Nikamkatalia. Na huku bakuli lake la maji nalijaza mara tatu kwa siku, anakula kama aliyefunga mwezi mzima, na mgongo wake umetoka mifupa! Sukari ikipita kiwango fulani kwenye damu, kwa paka ni kama 14 hadi 16 kwenye mashine zetu, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana ya ile kiu. Chakula kinaingia lakini mwili haukipati. Mpaka nampeleka kwa daktari alikuwa akitembea kwa kulaza kisigino chote chini kama sungura, kwa kuwa sukari ilikuwa imeshaumiza mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma. Hilo mpaka leo linaniuma, maana niliona wiki mbili nzima nikasema ni uzee.

Siku ile mashine ilisoma 23. Daktari hakuridhika na namba moja, kwa sababu paka aliyeogopa sukari yake hupanda kwa hofu peke yake, hata kama hana ugonjwa. Akapima mkojo, akatuma damu ya fruktosamini, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa wiki moja hadi tatu zilizopita. Muulize wako kama Pili alipimwa hivyo. Na mwambie kama Pili alishawahi kuchomwa zile sindano za kuwashwa. Shaibu alichomwa steroidi ya kukaa muda mrefu mwilini, mara mbili, kwa ajili ya viroboto, na dawa hizo zinaweza kumtumbukiza kwenye sukari paka aliyekuwa anachungulia tu ukingoni. Mnene, dume aliyehasiwa, mtu mzima, halafu steroidi. Hayo ndiyo yanayoikaribisha sukari, na yeye kabla hajakonda alikuwa nayo yote manne.

Sasa sindano, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Umesema mmeanza na uniti moja asubuhi na uniti moja jioni. Ndipo wengi wanapoanzia, usione ni kidogo. Saa zetu zimekuja kwa rehema: jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na linazama karibu na saa kumi na mbili, basi huhitaji hata kuweka kengele. Mpe chakula kwanza. Akishainamisha kichwa kwenye sahani, kaa nyuma yake, vuta ngozi ya ubavuni au nyuma ya mabega kwa vidole viwili mpaka isimame kama hema, ingiza sindano chini ya hema, sukuma, toa. Sindano zenyewe ni nyembamba sana. Shaibu mara ya kwanza hakunyanyua hata sikio, na mimi nilikuwa nimeloa jasho mpaka kwapani.

Ukimaliza, nusa pale ulipochoma. Insulini ina harufu ya plasta ya kidonda. Ukiinusa, au ukishika manyoya ukayakuta yameloa, ujue umetoboa hema upande wa pili na dawa imemwagika nje. Hapo sikiliza vizuri, Rehema: usirudie. Hujui ni kiasi gani kimeingia. Iache, subiri zamu inayofuata.

Na bomba la sindano. Insulini za binadamu nyingi, pamoja na hiyo ya glajini uliyoandikiwa, zina uniti 100 kwa kila mililita. Zipo za wanyama zenye uniti 40. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40, mstari wa uniti moja utakupa mbili na nusu. Mabomba ya 40 mengi yana kifuniko chekundu na ya 100 cha rangi ya chungwa, lakini usiamini rangi, soma maandishi. Wala usichukue insulini ya Bi Mkubwa kwenye friji hata siku ambayo yako imekuishia. Ile yake nadhani ni yenye mawingu kama ya Mama, nayo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Yako ni angavu kama maji, na ukiiona imeingia ukungu, itupe.

Nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie badala ya kusubiri mtandao utulie. Kila mtu atakuogopesha na sukari ya juu. Wewe ogopa ya chini. Paka aliyeamka na 20 leo ataamka kesho, utamsikitikia lakini yupo. Paka aliyezidishiwa insulini anaweza kufa kabla wali haujakauka maji.

Najua kwa sababu nilikaribia kumuua Shaibu kwa mkono wangu. Ilikuwa Ramadhani, na saa kumi na mbili ya jioni unaijua ilivyo: sambusa ziko kwenye mafuta, watu wamekaa na tende mkononi. Binti wa kaka yangu akaniona nimelemewa, akamchoma Shaibu kabla ya adhana, kwa wema wake, akasahau kuniambia. Mimi nikaswali, nikanyanyuka, nikamchoma tena. Wakati huo alikuwa ameshapandishwa mpaka uniti mbili, kwa hiyo alipata nne. Niliporudi tarawehe, kama saa nne usiku, nikamkuta chini ya kitanda, mate yanamtoka, mboni zimepanuka zimekuwa nyeusi tupu, anajaribu kusimama na miguu inakwenda kila mmoja njia yake. Nikampima: 2.1.

Nikachovya kidole kwenye asali nikampaka kwenye fizi. Kwenye fizi, si kummiminia kooni, maana paka aliyelegea anaweza kuivuta ikaenda mapafuni. Nikampaka tena, nikapima tena, nikampaka tena, huku kaka anampigia daktari. Alipoweza kulamba nikampa chakula, na bado tukambeba tukampeleka, kwa kuwa asali inaisha na insulini inaendelea. Usiku wote alikuwa kwenye dripu. Mimi nilikaa kwenye benchi na khanga niliyokuwa nimejifunga ikinata asali.

Tangu hapo pembeni ya friji pana chaki imening'inizwa kwa uzi. Aliyechoma anapiga mstari saa ile ile, kabla ya kunawa mikono. Hakuna mstari, uliza. Hakuna wa kumuuliza, usichome. Kwako weka hivyo hivyo, hasa na vijana wako wanaopenda kusaidia. Na asali isikosekane. Siku Pili atakapokataa kula au kutapika chakula chote, usimpe dozi ya kawaida kwa mazoea, mpigie daktari kwanza. Ila akigoma kula, anatapika, amelala tu, na sukari iko juu, pengine na pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo si ya kusubiri kesho. Mwili umeanza kujichoma mafuta yake na damu inageuka tindikali. Twaa kikapu, toka.

Mashine ya kupimia ninayotumia ni ya binadamu, ile ile ya Mama. Kwa damu ya paka mara nyingi husoma chini kidogo kuliko ilivyo kweli, basi mwambie daktari unatumia ipi na usibadilishebadilishe. Zipo zilizotengenezwa kwa wanyama, ukiipata ni bora zaidi. Damu unaichukua kwenye ukingo wa sikio. Lipashe moto kwanza kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, paka vaselini nyembamba ili tone lisitawanyike kwenye manyoya, weka pamba upande wa nyuma usijichome kidole, kisha toboa. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini latosha. Siku tatu za mwanzo sikupata kitu, sikio lilikuwa baridi. Siku ya nne likatoka tone, nikapiga kigelegele peke yangu roshani. Siku daktari atakapotaka kuona mwendo wa sukari, utapima kila baada ya saa mbili kuanzia sindano mpaka sindano. Itafute ile namba ya chini kabisa katikati ya mchana. Hiyo ndiyo inayoamua dozi, na anayeipandisha ni daktari, si wewe wala mimi kwa simu.

Chakula nitakieleza kwa ukali kidogo, nisamehe. Wali wa nazi, chapati, mahamri yaliyochovywa maziwa: basi. Najua Pili amelelewa navyo, na Shaibu pia. Paka ni mla nyama, mwili wake haukuumbwa kwa wanga mwingi. Hata vile vyakula vikavu vya paketi vingi vina wanga wa kutosha, maana bila wanga tembe hazishikani. Tafuta vya kopo, vya nyama au samaki, vilivyoandikwa kuwa ni chakula kamili. Mimi naongeza samaki wa kuchemsha bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, ambavyo ni sumu kwa paka. Samaki mbichi kila siku usimpe, anamaliza vitamini B1 mwilini. Lakini usibadilishe chakula kwa siku moja! Wanga ukipungua, haja ya insulini nayo inapungua, na ile uniti yako moja inaweza kugeuka nyingi. Mwambie daktari kwanza, ubadilishe kidogo kidogo, na upime. Na kwa kilo zake sita na nusu najua utataka kumfungisha. Usimnyime. Paka mnene asiyekula siku chache ini lake hujaa mafuta, na ugonjwa huo ni mbaya kuliko huu.

Umeme ukikatika msihamaki. Insulini inakaa friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, maana ikiganda ni ya kutupa. Mama kwa miaka alikuwa na chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, na stima ikipotea tunakirudia. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya Dagahaley kule Dadaab, na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba insulini za binadamu walizozijaribu, zikikaa wiki 4 kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya 25 na 37, nguvu yake haikutofautiana na ya zilizokaa friji. Sisemi uiache dirishani. Nasema usiku mmoja wa giza Tanga usikulize.

Kile kidonge cha sukari ya paka ulichosikia kipo. Marekani walikiidhinisha cha kwanza Desemba 2022, kinazifanya figo zimwage sukari. Lakini si cha paka aliyekwisha kutibiwa kwa insulini, na Pili ameshaanza. Kiache.

Uliuliza pia kama atapona. Wapo wanaoachana na insulini kabisa, hasa wanaowahiwa mapema na sukari ikatulizwa miezi ya mwanzo, na Pili yuko wiki ya pili tu, kwa hiyo omba na ufanye. Shaibu hajaacha. Amerudi kwenye uniti moja na nusu, miguu yake ilichukua miezi mitano kunyooka, na kisigino cha kushoto bado kinashuka akichoka. Mimi nilikwisha acha kuhesabu siku za kuacha. Alfajiri naswali, nafungua kopo, anakuja mwenyewe anajiegemeza kwenye mguu wangu, nachoma, napiga mstari wa chaki.

Shemeji yangu anapanda basi la Tanga Jumamosi. Nimempa bahasha: mabomba kumi ya mililita 0.3, yenye mistari ya nusu uniti, na chupa tupu ya dawa ya kufulia ya kutia sindano zilizotumika. Ikijaa funga kifuniko uipeleke hospitali, usitupe jalalani kwenye watoto. Insulini nunua hukohuko, nisije nikaipikisha ndani ya basi. Jumapili jioni saa kumi na mbili kasoro robo nitakupigia, weka simu kwenye spika, ushike Pili kwa mikono miwili.

Nisalimie wote, na umkwaruze Pili kichwani kwa niaba yangu.

Wako,
Salma