Usiifungue hiyo regulata

Sakina, Arusha
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Glory,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi hatujambo. Kifua cha Mama Ema kimepona, na watoto wamefunga shule, kwa hiyo kelele zote zimehamia nyumbani. Poleni na mvua. Nasikia njia ya kuingia kwako Rau, hapo Moshi, imekuwa tope tupu.

Barua yako nimeisoma, na picha ulizonirushia nimezikuza mpaka macho yakauma. Unasema moto wa jiko kwenye lile gari la kulala ndani, waliloliacha kwako wazee wa Kijerumani, umenywea, friji (nayo ya gesi) ikiwashwa jiko linataka kuzima, na usiku friji yenyewe inazimika. Fundi wa kwanza kasema gesi ya kwetu haina nguvu. Wa pili kasema ni mwinuko. Jirani anasema umepunjwa mtungi. Na sasa yupo kijana anayetaka kuifungua regulata, kile kidude cha kushusha nguvu ya gesi, aipanue tundu "ipumue vizuri". Huyo mpe soda, mshukuru, aende zake.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya kazi ya kile kidude. Ndani ya mtungi, kwa joto la nyuzi 20, propeni peke yake inasukuma kwa kama bari 7 (bari ni kipimo cha msukumo), na buteni kwa kama bari 1. Gesi yetu ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo msukumo wake uko katikati, na jua likiupiga mtungi unapanda. Jiko la ndani ya gari linataka milibari 30 tu, yaani bari 0.03. Kinachosimama kati ya msukumo ule na jiko ni kiwambo cha mpira, springi na kivalvu kidogo. Ukikitoboa, unaleta nguvu ya mtungi mezani kwa mpishi.

Hoja ya mwinuko usiibebe. Moshi iko kwenye mita 800 na kitu, mimi huku niko karibu 1,400, na magari ya namna hiyo hulala Ngorongoro ukingoni, juu ya mita 2,000, watu wakapika. Regulata ina tundu la kupumulia linalopima hewa ya nje, kwa hiyo 30 yake huhesabiwa kuanzia hewa ya mahali ilipo. Hewa ikiwa nyepesi moto unaweza kubadilika rangi kidogo, lakini hauwezi kunywea eti kwa sababu friji imewashwa. Baridi nayo si hoja kwa Moshi. Buteni hugoma kugeuka mvuke ikikaribia sifuri, jambo ambalo wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanalijua wakiwa kambi ya Barafu alfajiri, si wewe chini ya mwembe wako.

Kilichonishtua kwenye picha ni kitu kingine. Juu ya mtungi mmefunga regulata ya kubonyeza, hii ya majumbani, halafu mpira unatoka hapo kwenda kwenye regulata ya ukutani mwa kabati. Hizo ni regulata mbili zimefuatana! Ile ya ukutani imetengenezwa kupokea gesi yenye nguvu, kuanzia kama bari 0.3 kwenda juu, iishushe. Nyie mnaipa gesi ambayo imeshashushwa kuwa milibari 30, sasa itoe nini? Inatoa masazo. Najua kwa nini fundi alifanya hivyo: nati ya mpira wa Kijerumani haishiki kwenye mtungi wetu, akatafuta njia ya mkato. Dawa yake ni adapta inayounganisha mpira wa nguvu kubwa na mtungi wetu bila regulata katikati. Na yakikushinda, basi ruka ile ya ukutani kabisa, utumie ya kwenye mtungi peke yake, ilimradi namba zinalingana na mpira unaoingia ni wa gesi. Lakini moja tu. Mbili kamwe.

Namba zenyewe utazikuta kwenye kibati kilichobandikwa nyuma ya mlango wa friji au pembeni mwa jiko. Magari ya Ulaya ya miaka hii yanaandikwa 30 mbar, yaani milibari 30. Ya zamani ya Ujerumani ni 50. Ukilisha la 50 kwa 30, moto unakuwa dhaifu na utamlaumu kila mtu bure. Ukilisha la 30 kwa 50, moto unarefuka, unakuwa wa njano, masufuria yanapaka masizi, na hewa ya ndani inageuka sumu isiyo na harufu. Nipigie picha kibati hicho kabla ya kununua hata oringi.

Umeniambia pia kwamba hata kabla ya mtungi wetu, wakati mtungi wa kijivu waliokuja nao wazee haujaisha, friji ilikuwa imeanza kusumbua. Hapo ndipo ninapoishuku regulata yenyewe. Lakini kushuku hakutoshi, tuipime, na kipimo hakina gharama.

Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa mafundi wa kupimia levo ya msingi, mita mbili hivi. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la U, miguu yote miwili iwe mirefu, utie maji mpaka nusu, na tone la wino uyaone vizuri. Weka futi ya fundi cherehani katikati. Fungua madirisha na milango ya gari, zima kila kitu, funga koki ya mtungi. Toa kifuniko cha jiko moja, utaona nozeli ya shaba, kile kitundu kinachotoa gesi. Chomeka ncha ya mpira hapo ikae imebana. Ncha ya pili iache wazi juu. Sasa fungua mtungi taratibu, kisha geuza kitasa cha jiko hilo na ukikandamize, maana majiko hayo hukata gesi yasipohisi moto.

Maji yatashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili. Pima tofauti ya vimo viwili hivyo. Sentimita 30 na kidogo ndiyo milibari 30. Anza hivyo, pasipo moto wowote uliowashwa, kwa sababu kama regulata imekufa ikiwa wazi, maji yataruka juu na gesi itafuata, na hutaki kiberiti karibu. Kawaida maji hupanda kidogo kupita 30 kisha hutulia. Yakitulia, vizuri. Yakiendelea kujikokota kwenda juu, kivalvu cha ndani hakifungi, na mchezo umeisha: funga mtungi, gari lisipikiwe tena.

Yakitulia ndipo uwashe jiko la pili na friji, huku ukiendelea kukandamiza kitasa. Maji yakishuka kidogo tu, regulata haina kosa, katafute uchafu kwenye nozeli ya friji. Yakiporomoka mpaka nusu, basi kuna kizuizi njiani. Nimewaona mafundi wazuri wa magari wakirukia kubadilisha jiko zima kwa kukosa kipande hicho cha mpira na maji.

Kizuizi kinaweza kuwa kitu cha kipuuzi. Mipira mingi ya Kijerumani ina kitufe cha kijani pale inapoungana na mtungi. Hicho ni kinga: mpira ukikatika ghafla, kinafunga. Lakini hata ukifungua koki kwa pupa, kinadhani mpira umekatika. Kibonyeze kila mnapobadili mtungi, na koki ifunguliwe polepole.

Kama si hicho, funga mtungi, choma gesi iliyobaki kwenye jiko mpaka lizime, kisha fungua nati ya mpira unapoingia kwenye regulata. Angalia kwanza: nati za upande wa mtungi kwa Wajerumani zina nyuzi za kinyume, ukilazimisha unaharibu. Chungulia ndani. Ukikuta majimaji ya njano yenye utelezi, kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, umeshamkamata. Uingereza walisumbuka na jambo hilo miaka ya 2000, regulata zilipohamishwa kutoka juu ya mtungi kwenda ukutani. Gesi huyeyusha vilainishi vilivyomo kwenye mpira na kuvibeba, na vikituama kwenye regulata vinaganda na kuziba. Ndiyo maana regulata inatakiwa ikae juu kuliko koki ya mtungi, mpira ukipanda kuielekea, ili mafuta yarudi yalikotoka. Kwenye picha yako naona mpira umelegea, umefanya tumbo chini. Wengine siku hizi wanatumia mipira ya chuma cha pua, nami nawaunga mkono.

Halafu kuna nyigu. Usicheke. Gari limekaa kwenye kiwanja chako miezi mingi, na nyigu wa udongo anapenda tundu dogo kuliko kitu chochote. Likiwa tundu la kupumulia la regulata, kiwambo kinashindwa kucheza na moto unapanda na kushuka bila mpango. Lichungulie kwa tochi. Udongo ulio mdomoni mwa tundu unaweza kuuondoa kwa mkono. Kuingiza waya ndani usithubutu, nyuma yake pana kiwambo.

Ukikuta mafuta, usiioshe kwa petroli wala usiipulize kwa kompresa. Regulata haikutengenezwa ifunguliwe, na ukiifunga tena hakuna wa kukuhakikishia springi imekaa ilipokuwa. Hutupwa, inanunuliwa nyingine. Wajerumani hubadili regulata na mipira yake kila miaka 10, na tarehe ya kutengenezwa huwa imegongwa kwenye mwili wake, isome. Usikubali kuuziwa zile zenye kitasa cha kuongeza nguvu, za majiko makubwa ya mama lishe. Ni nzuri kwa kazi yake, ila ndani ya gari ni balaa.

Ushauri wangu: waandikie wale wazee sasa hivi, kabla hawajapanda ndege. Waambie waje na regulata mpya na mpira wake, vipya kabisa, visivyowahi kupitisha gesi. Vinakaa kwenye begi la nguo, na wakishuka uwanja wa ndege wa KIA vimefika. Nitakuja mwenyewe na kosta ya asubuhi tuvifunge, tupake maji ya sabuni kila ungio tuangalie mapovu. Mwambie Mama Glory asitafute uvujaji kwa kiberiti, hata kama ndivyo walivyomfundisha kwao.

Kwa sasa, usipokuwa unapima, mtungi utoe kwenye kabati, na yule kijana wa usiku anayelala humo garini apikie nje, kwa mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Na jambo moja nililoliona pembeni mwa picha: yale matundu kwenye sakafu ya kabati mmeyaziba kwa matambara. Najua ni kwa ajili ya panya. Yazibue leo. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka, na matundu hayo ndiyo mlango wake wa kutokea. Weka wavu wa waya, panya watakoma.

Nasubiri picha ya kibati na namba ulizopata kwenye maji, zote mbili, ya moto umezimwa na ya moto umewashwa.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na bibi wa Kibosho ukipanda huko.

Wako,
Baba Ema