Malalamiko: mfumo wenu unafuta profaili ya rangi na kuharibu chapa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Maabara ya Uchapishaji wa Picha.

Ndugu Meneja,

YAH: CHAPA 16 ZILIZOPAUKA KATIKA ODA YA PICHA 24

Oda ilikuwa ya picha 24, kila moja sentimita 30 kwa 45, kwa printa ya wino, karatasi yenye mng'ao wa wastani. Nane zimetoka sawasawa. Kumi na sita zimepauka: majani yamechujuka na kuelekea unjano, kitambaa chekundu kimekuwa rangi ya tofali, na nyuso za watu weusi zinaonekana kama zimepakwa majivu. Jibu lenu lilikuwa kwamba skrini ya mteja haijasawazishwa. Jibu hilo halisimami.

Picha zote 24 zilihaririwa kwenye skrini moja, iliyosawazishwa kwa kifaa cha kupimia: nyeupe ya D65 (kipimo cha kawaida cha weupe wa mwanga wa mchana), mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba. Skrini ingekuwa na kosa, zote 24 zingeharibika. Kinachozitofautisha ni kimoja tu. Zile nane zilihifadhiwa katika sRGB, nafasi ya rangi (yaani fungu la rangi ambazo faili linaweza kuzibeba) ya kawaida ya skrini. Zile 16 katika Adobe RGB (1998), nafasi ya rangi ambayo ukurasa wenu wa maelekezo unasema mnaipokea.

Nambari za pikseli peke yake hazitaji rangi yoyote, kama vile 30 haitaji urefu mpaka useme ni sentimita au inchi. Kizio chake ni profaili iliyomo ndani ya faili, yaani maelezo mafupi yanayosema nambari hizo ni za nafasi ipi ya rangi. Nafasi hizi mbili zina nyekundu ya msingi na bluu ya msingi zinazofanana. Katika Adobe RGB kijani ndicho kilichosogezwa mbali zaidi. Lakini nyeupe lazima ibaki pale pale, kwa hiyo kuhamisha kijani hubadili na uzito wa nyekundu. Ndiyo maana nyekundu kamili ya sRGB, yaani 255, 0, 0 (kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255), ikigeuzwa kwenda Adobe RGB huandikwa 219, 0, 0, na kijani kamili, 0, 255, 0, huandikwa 144, 255, 60. Rangi ni zile zile, nambari ndizo zilizobadilika. Mashine ikizisoma nambari hizo mpya ikidhani ni sRGB, nyekundu hufifia na kijani huingia unjano. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye chapa 16.

Kijivu hakiguswi. Nafasi zote mbili zina nyeupe ya D65 na mwinuko wa mwanga (namna nambari zinavyogeuzwa kuwa mwangaza) unaokaribiana, kwa hiyo shati jeupe, ukuta wa saruji na vivuli hutoka vizuri hata profaili ikipotea. Huenda ndiyo sababu mkaguzi wenu hakuona kitu: aliangalia nyeupe na nyeusi, akaridhika. Skrini mbovu au taa mbaya ingetia doa kwenye kijivu pia.

Ili pasiwe na ubishi, mlitumiwa oda ya majaribio ya picha moja katika mafaili matatu. Faili A lilikuwa Adobe RGB likiwa na profaili yake. Faili B liligeuzwa kuwa sRGB kabla ya kutumwa. Faili C lilikuwa Adobe RGB ambalo profaili yake ilifutwa makusudi. Pembeni mwa kila picha kuna viraka vya nyekundu na kijani vyenye nambari zilizotajwa hapo juu. Chapa ya B ni sahihi. Chapa za A na C hazitofautiani hata kidogo, maana yake kwenu faili lenye profaili na lisilo nayo ni mamoja. Tena faili A lilipopakuliwa kutoka ukurasa wa oda lilikuwa halina profaili, na kiraka chekundu bado kinasoma 219, 0, 0. Mngekuwa mmeligeuza kwenda sRGB kingesoma 255, 0, 0. Hamkugeuza, mmefuta tu.

Kosa la namna hii kwa kawaida hutokea kwenye programu inayopokea picha na kufuta taarifa zote za ziada ili faili liwe dogo. Profaili ya Adobe RGB ina baiti 560. Chapa ya ukubwa huu, kwa pikseli 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 3,543 kwa 5,315, yaani zaidi ya milioni 18. Akiba iliyopatikana hapo ni ya kuchekesha. Hata jina la faili lingewaamsha: kamera ikipiga kwa Adobe RGB kwa kawaida huanza jina kwa mstari wa chini (_), na majina yote 16 yanaanza hivyo.

Mhudumu wenu alishauri pia kwamba safari ijayo picha zitumwe katika ProPhoto RGB, nafasi nyingine ya rangi, kwa kuwa ni pana zaidi. Uondoeni ushauri huo. Mnapokea JPEG peke yake, na JPEG ina biti 8, ngazi 256 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu). Ngazi hizo zikitandazwa kwenye nafasi pana kiasi hicho, anga hutoka na matabaka badala ya kufifia taratibu. ProPhoto inataka biti 16. Na profaili yake ikifutwa kama mnavyofuta sasa, picha itapauka kuliko hizi.

Tunachodai ni hiki. Chapeni upya picha 16 bila malipo. Nakala mlizonazo zimeshapoteza profaili, kwa hiyo zibandikeni kwanza profaili ya Adobe RGB, bila kugusa nambari, halafu ndipo mzigeuze kwenda profaili ya printa na karatasi. Mkianza kwa kubandika sRGB mtarudia kosa lile lile. Hakikisheni pia kwamba rangi inasimamiwa mahali pamoja, ama kwenye programu ama kwenye printa. Zikisimamia zote mbili, picha itageuzwa mara mbili na kutoka na rangi ya ajabu.

Pili, rekebisheni upakiaji, au andikeni wazi kwamba mnapokea sRGB peke yake. Hakuna aibu katika hilo. sRGB ilitungwa na HP na Microsoft mwaka 1996 kwa ajili ya skrini, na picha nyingi zinaenea ndani yake bila kupoteza chochote cha maana. Anayechagua Adobe RGB anafuata kijani na samawati ambazo printa ya wino inaweza kuzitoa na sRGB haiwezi kuzibeba. Msipoweza kumpa hizo, afadhali ajue kabla ya kulipa.

Tatu, tutumieni profaili ya karatasi hiyo ili rangi zikaguliwe kwenye skrini kabla ya kuchapa.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa anayesimamia mashine.

Wenu,
Wateja wa oda tajwa

Viambatisho: chapa A, B na C, faili A kabla ya kupakiwa na baada ya kupakuliwa, orodha ya picha 16.