Shuhuda za uponyaji: rudini baada ya miezi sita

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi hapa mwaloni Kirumba, na usharikani ni mzee wa kanisa. Naomba nafasi niseme juu ya shuhuda za uponyaji, ambazo magazeti na redio zetu mnazipenda sana.

Jirani yangu mtaani Igogo, kijana mvuvi wa dagaa, aliugua kifua kikuu. Kliniki ilitaka awe na mtu wa karibu wa kumsimamia anapomeza dawa, akanichagua mimi kwa kuwa kati ya nyumba zetu kuna mtaro tu. Kila alfajiri kabla sijashuka mwaloni nilipita kwake. Wimbo ubeti mmoja (sauti yangu mbaya, mtaa mzima unajua), zaburi, sala fupi, vidonge, maji. Siku za mwanzo alitoka chooni ametaharuki: mkojo rangi ya chungwa! Nesi alishanidokeza kwamba ni dawa, tukacheka.

Dozi ya kawaida ya TB ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayobaki dawa mbili. Hatari iko hapo katikati. Kikohozi kimekata, mwili umerudi, siku za giza, zisizo na mwezi, ndizo za kuvua dagaa, zimeingia na wenzako wanakuita mwende kisiwani Ukara. Kijana alipofika hapo, ukaja mkutano wa injili. Mhubiri akampandisha jukwaani, akashuhudia amepona, akaambiwa kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Vigelegele! Asubuhi yake alikataa hata kufungua kopo la dawa. Nikamsomea Isaya 38. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwongezea miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Alinuna, lakini alimeza.

Wapo watakaosema napunguza nguvu za Mungu. Thubutu! Naamini anaponya, ndiyo maana naomba. Yakobo anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee; vipaza sauti hakuvitaja. Naye Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na bado anatuhimiza tuombe bila kukoma. Sala ya kila siku inamshika mgonjwa mkono hata asubuhi ile amechoka na hakuna wa kumpigia makofi.

Basi ombi langu kwenu waandishi: mkichapa ushuhuda, wekeni tarehe, kisha mrudi kwa mtu huyo baada ya miezi 6. Mumwulize kama dozi aliimaliza, kipimo cha makohozi kilisema nini, na nani alikuwa akija kumwombea jukwaa lilipokwisha kung'olewa. Kijana wetu alimaliza, makohozi yakapimwa, hayakuwa na vijidudu. Sasa yuko ziwani. Mkimtaka, njooni wakati wa mbalamwezi. Dagaa hawavuliwi siku hizo, mtamkuta nyumbani.

Mzee wa Kanisa,
Igogo, Mwanza