Barua kwa mdogo wangu anayekwenda mlimani na wenzake

Mdogo wangu,

Mama kaniambia mmeshakubaliana: wewe na wenzako mnapanda mlima, mnalala huko juu siku kadhaa, kisha mkishuka mnapitia kwenye maporomoko ya maji mkaogelee. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Nakuandikia hadharani badala ya kukupigia simu kwa sababu nataka na wenzako wasome. Ninayotaka kusema hayakuhusu wewe peke yako, yanawahusu wote mtakaokuwa kwenye njia moja.

Najua mazungumzo yenu sasa ni viatu gani, hema la nani, nani ana kamera. Mimi nina swali la kuja kabla ya hayo yote: kati yenu, ni nani anaweza kusema "turudi" na akasikilizwa? Si yule anayeheshimika kuliko wengine. Namaanisha hata yule mpole anayetembea nyuma kabisa. Kama yeye akisema turudi na mkageuka bila kunung'unika, nitalala usingizi. Kama jibu ni "inategemea", basi ahirisheni safari hadi mzungumze.

Kila mtu anajua kwamba tarehe 29 Mei 1953 Tenzing Norgay na Edmund Hillary walisimama juu ya kilele cha Everest. Wachache wanakumbuka kwamba siku tatu kabla yake, wenzao wawili wa msafara uleule, Tom Bourdillon na Charles Evans, walifika Kilele cha Kusini, kwenye mita 8,750 hivi. Walikuwa wamebakiza kama mita 100 tu za kwenda juu. Hakuna binadamu aliyejulikana kwa hakika kuwa amewahi kusimama mlimani kufikia kimo kile. Lakini mtambo wa oksijeni wa Evans ulikuwa ukisumbua, saa zilikuwa zimekwenda, na hewa waliyobaki nayo isingewatosha kwenda na kurudi. Wakageuka, wakashuka wote wawili wakiwa hai. Hao ndio ninaowaheshimu zaidi katika msafara ule, na ningependa uwafikirie kila mtakapoona kilele kiko karibu na mtu mmoja kati yenu hajisikii vizuri.

Na huko juu, kutojisikia vizuri si jambo la kupuuza. Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa kiwango kilekile cha asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 5,500 unakuwa karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo. Maradhi ya mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa kukatikakatika, chakula kutopita. Wala hayamwogopi mwenye nguvu. Yule rafiki yenu mwanariadha ndiye ninayemhofia kuliko wote. Miguu yake itamruhusu kupanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuizoea hewa ile, halafu ataona aibu kuwaambia kwamba kichwa kinamgonga.

Kanuni ni rahisi kuikumbuka. Mkishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne mkae siku moja bila kuhamisha kambi. Mchana mnaweza kupanda juu zaidi mkarudi kulala chini. Mwili unajifunza hivyo. Kule Kilimanjaro, ambako kilele kiko mita 5,895, waongozaji hawachoki kuwaambia wageni "pole pole", na wageni wengi hudhani ni maneno ya ukarimu. Ni kinga. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, akisema maneno yasiyoshikana, au akihema kwa nguvu hata akiwa amekaa, msingoje kukuche ndipo mwamue. Mshusheni saa hiyohiyo, na asishuke peke yake. Dawa zipo, lakini hakuna inayoshinda kushuka.

Baridi nitaipitia kwa haraka kwa sababu najua Mama ameshakujazia masweta. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mnapopanda mita 1,000, na upepo unaongeza makali. Fulana ya pamba ikilowa jasho itakuibia joto usiku kucha, kwa hiyo ibadilishe mara tu mnapofika kambini, hata kama umechoka. Mtu anayetetemeka mwili wake bado unapigana. Aliyeacha kutetemeka huku hajapata joto, anajikwaa na ulimi unakuwa mzito, huyo anahitaji msaada wa haraka.

Kuna hesabu moja ninayoipenda. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alipendekeza namna ya kukadiria muda wa mlimani, na watembezi bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Haina mapumziko ndani yake, wala mtu mwenye malengelenge, wala matope. Kwa hiyo ipigeni kwa mwendo wa mwenzenu wa polepole kuliko wote, na huyo ndiye atangulie mbele. Kundi likiongozwa na mwenye kasi hukatika vipande viwili. Wa mbele wanapumzika wakiwangoja wa nyuma, na wa nyuma wakifika tu wa mbele wananyanyuka. Anayehitaji kupumzika ndiye hapumziki kamwe. Kisha, kabla hamjatoka kambini, wekeni saa ya kugeuka. Ikifika mnageuka, popote mlipo. Mkiipanga asubuhi vichwa vikiwa vimetulia, haitamlazimu mtu yeyote kuwa mbaya mbele ya wenzake mchana.

Sasa maporomoko, na hapa niruhusu niandike kwa furaha, maana hakuna kitu ninachokipenda duniani kama mto unaoanguka. Utausikia kabla ya kuuona. Ardhi itatetemeka kidogo chini ya nyayo, majani yatakuwa yamelowa na mbingu haina wingu. Ukitaka kuona upinde wa mvua, lipe jua mgongo na uangalie kwenye mvuke. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ndipo upinde unaposimama juu zaidi.

Maporomoko mengi yako pale mto unapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye ule laini. Maji huchimba ule laini kwa chini, mwamba wa juu unabaki umening'inia bila mhimili, na siku moja unakatika. Kwa namna hiyo maporomoko yanasafiri kurudi nyuma. Niagara imerudi nyuma kwa kilomita 11 hivi katika muda wa miaka kama 12,000. Ukiyatazama makorongo yaliyo chini ya Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, kwenye mto Zambezi, yanapinda huku na huku, na kuta zake zinaonyesha mahali ambapo mto uliwahi kuanguka zamani. Nakueleza haya kwa sababu ule ukingo ambao wenzako watataka kusimama wapigwe picha ndio huohuo unaoliwa kwa chini, na mawe ya juu yake yana utelezi wa mwani usioonekana. Picha nzuri hupigwa kutoka chini, mbele ya maporomoko, ambako unaona kimo chote.

Vipande vya ukingo vilivyoanguka viko ndani ya lile dimbwi mnalotaka kuogelea. Msirukie kwa kichwa, hata kama mmeona wengine wakiruka, maana kina cha maji hubadilika kwa majira na mafuriko huleta magogo mapya. Msiogelee pale maji yanapopigia. Maji yaliyojaa mapovu hayambebi mtu kama maji matulivu, na mkondo wa hapo huzunguka ukimrudisha mtu ukutani. Kaeni upande wa kutokea, ambako maji yametulia na mnaiona sakafu. Tena mvua si lazima inyeshe mlipo. Ikinyesha mbali huko juu mto hujaa ghafla. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, yakianza kubeba majani na vijiti, au mngurumo ukiongezeka, tokeni wote mara moja mpande juu, vitu viachwe.

Usifikiri nakutisha. Ninajua mtakachokipata huko. Usiku kambini, mkiwa mmechoka na hakuna mtandao wa simu, watu husema mambo waliyoyabeba miaka mingi, na mtu uliyemjua darasani tu utamjua upya siku atakapokubebea begi bila kuombwa. Ndiyo maana napenda mwende pamoja, na ndiyo maana napenda mrudi pamoja. Taka zenu shukeni nazo zote. Choo kiwe angalau mita 60 kutoka kwenye kijito, kwa ajili ya wanaokunywa maji hayo chini.

Kabla hamjaondoka nitumie ujumbe: njia mtakayopita, majina ya mnaokwenda, siku na saa mnayotarajia kufika chini, na saa ambayo nisipowasikia niwaite waokoaji. Hiyo ya mwisho mkubaliane wenyewe, msiniachie mimi nikadirie. Kila mmoja awe na filimbi shingoni; mipulizo sita ndani ya dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena, ndiyo ishara ya kuomba msaada milimani. Na yule mwanariadha mwambie anipigie simu wiki hii, nataka nizungumze naye mwenyewe.

Dada yako