Siku ya afya iwafikie na wafagiaji

Mhariri,

Ninafanya kazi katika chuo kikuu kimoja hapa Mombasa, na ninaunga mkono siku za afya zinazoandaliwa kwa wafanyakazi wanawake, ambapo hupimwa shinikizo la damu na sukari, na ifikapo Oktoba hufundishwa kujichunguza matiti. Hata hivyo, shughuli hizi huanza saa nne asubuhi, wakati ambapo wafagiaji na wapishi, ambao baadhi yao huvuka feri ya Likoni kabla ya jua kuchomoza, wamo kazini. Mara ya mwisho nilimwona mama mmoja amesimama mlangoni mwa ukumbi, ndoo na tambara mkononi, akimtazama muuguzi akirudisha mashine mkobani. Yeye alikuwa bado hajapimwa. (Fulana za bure, nasikitika kusema, zilitufikia sote wa ofisini.)

Aidha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, ilhali kwetu akina mama hukamua maziwa chooni. Ninauomba uongozi upange vipimo mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri, na ufungue chumba hicho kabla ya kuagiza fulana nyingine.

Mfanyakazi wa chuo,
Mombasa